Usanifu wa nyuso kwa kompyuta: jinsi ya kujifunza kuchora maumbo yaliyopinda

Ndoo ya maji, kofia ya dereva wa bodaboda, jagi la plastiki na boti ya faiba ya mvuvi vinafanana kwa jambo moja: vyote vimepinda, na mpindo wenyewe hubadilika kadiri jicho linavyosogea. Siku hizi vitu vingi vya aina hii huchorwa kwanza kwenye kompyuta, kwa njia inayoitwa usanifu wa nyuso.

Vijana wanaosomea ufundi huanza na programu za kuchora kwa kompyuta, zile zinazojulikana kwa herufi tatu, CAD. Kwenye maumbo ya mraba na ya duara mambo huenda vizuri. Wakifika kwenye umbo lililopinda pande zote, wengi hukwama. Katika makala haya tunaeleza kwa nini wanakwama na mambo gani yajifunzwe kwanza.

Mfano wetu mkuu ni boti ndogo ya uvuvi ya faiba. Tumeuchagua kwa sababu hapo kosa la mchoro ni ghali. Boti ya faiba hutengenezwa ndani ya kalibu. Kalibu ikiwa na nundu, kila boti itakayotoka humo itakuwa na nundu ile ile, na anayelipa ni fundi au mvuvi.

Uso ni nini?

Programu za usanifu zina njia kuu mbili za kutengeneza umbo. Njia ya kwanza ni ya maumbo yaliyojaa. Unaanza na bonge, kisha unakata, unatoboa na kuongeza, kama seremala na gogo lake. Spana, bawaba na mguu wa meza huchorwa vizuri kwa njia hii.

Njia ya pili ni ya nyuso. Uso ni ngozi tupu. Fikiria ganda la yai, kisha ulifikirie jembamba hadi lisiwe na unene wowote. Kompyuta inajua uso unapita wapi, lakini ndani yake hamna kitu. Faida yake ni kwamba unatawala kila kipande cha ngozi peke yake: ubavu, omo, sakafu. Mwishoni vipande hushonwa pamoja na kupewa unene, na hapo ndipo vinakuwa umbo lililojaa linaloweza kutengenezwa.

Kwa hiyo njia hizi mbili hazigombani. Fundi mzuri hutumia nyuso pale penye mipindo migumu, kisha humalizia kwa maumbo yaliyojaa.

Njia hii imetoka wapi?

Tatizo la kuchora mipindo ni la zamani kuliko kompyuta. Waunda meli wa Uingereza walikuwa wakichora mikato ya meli kwa ukubwa wake halisi juu ya sakafu pana ya ghorofa ya karakana. Ghorofa ya namna hiyo kwa lugha yao ni loft, na ndiyo maana hadi leo amri ya kuunganisha mikato kwenye programu imeandikwa Loft. Ili kupata mstari laini walipinda ufito mwembamba wa mbao na kuushikilia kwa vipande vizito vya risasi walivyoviita bata. Ufito huo ndio splaini, jina ambalo leo limepewa mstari uliopinda kwenye kompyuta.

Katika pwani yetu, mafundi wa Nungwi kisiwani Unguja na wa Matondoni kisiwani Lamu wamejulikana kwa kuunda majahazi kwa jicho na kumbukumbu. Jicho la fundi ndilo linaloamua kama ubao umekaa. Kompyuta haina jicho hilo, inahitaji hesabu.

Hesabu hiyo ilipatikana katika viwanda vya magari vya Ufaransa. Mwaka 1959 Paul de Casteljau, mwanahisabati wa kampuni ya Citroën, alipata njia ya kuchora mpindo kwa kutumia nukta chache. Kampuni iliifanya kazi yake kuwa siri kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Pierre Bézier, mhandisi wa Renault, alifikia njia inayofanana na hiyo na akaichapisha. Ndiyo sababu mistari hiyo huitwa kwa jina la Bézier. Programu nyingi za leo hutumia hesabu iliyokua kutoka hapo, inayoitwa NURBS.

Kwanza mstari, baadaye uso

Hili ndilo jambo kubwa tunalotaka msomaji wetu aondoke nalo: uso hauwezi kuwa mzuri kuliko mistari iliyouzaa. Anayeanza hukimbilia amri za kutengeneza uso, kisha anashangaa kuona makunyanzi. Anabadilisha amri, anajaribu nyingine, na makunyanzi yanabaki. Kosa halikuwa kwenye amri, lilikuwa kwenye mistari.

Mstari wa splaini huongozwa na nukta. Kuna nukta ambazo mstari hupita juu yake, na kuna nukta ambazo huuvuta mstari kwa mbali kama sumaku. Kwa aina zote mbili kanuni ni moja: tumia nukta chache kadiri inavyowezekana. Mwanafunzi huweka nukta 15 akidhani anaongeza usahihi, kumbe kila nukta ni nafasi ya kuingiza nundu au bonde. Kwa ukingo wa boti, nukta 4 au 5 kwa kawaida zinatosha.

Unaweza kulithibitisha hili bila kompyuta. Chukua ubao na upige misumari mitatu, kila mmoja sentimita 30 kutoka kwa mwenzake, wa kati ukiwa juu ya wenzake kwa sentimita 5. Pitisha ufito mwembamba wa mwanzi juu ya msumari wa kati na chini ya ile ya pembeni. Utaona ufito umejipinda wenyewe vizuri. Sasa ongeza msumari wa nne kati ya msumari wa katikati na mmoja wa pembeni, uuinue ufito kwa sentimita 1 tu. Ufito utaharibika hapo na hata mbele kidogo ya hapo. Hivyo ndivyo nukta moja ya ziada inavyofanya kwenye kompyuta.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Rekebisha mstari kabla haujazaa uso. Ukishajenga nyuso 10 juu ya mstari mbovu, kuusahihisha kunaweza kuvunja kazi yote.

Njia tano za kutengeneza uso

Vitufe vya programu nyingi vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tunataja pia jina utakaloliona kwenye kioo.

Kuvuta, kitufe cha Extrude. Mstari unavutwa kuelekea upande mmoja ulionyooka. Bati la migongo ni mfano: ukilikata popote kwa kukingama, utaona wimbi lile lile.

Kuzungusha, kitufe cha Revolve. Unachora nusu ya umbo kwa ubavu, kisha unauzungusha mstari huo kuzunguka mhimili. Ndoo, chungu na bakuli hupatikana kwa njia hii.

Kupitisha, kitufe cha Sweep. Mkato mmoja unatembezwa juu ya njia iliyopinda. Mpira wa kumwagilia bustani uliolala chini ni duara lililotembezwa juu ya njia. Mkono wa jagi huchorwa hivyo.

Kuunganisha mikato, kitufe cha Loft. Unachora mikato kadhaa yenye maumbo tofauti, na kompyuta inaivisha ngozi. Ni kama mataruma ya chombo yanapopigiliwa mbao. Hii ndiyo njia kuu ya kuchora boti.

Kujaza, kitufe cha Fill au Patch. Unaonyesha kingo zinazozunguka tundu, na kompyuta inavuta ngozi juu yake kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma. Itumie kwa matundu madogo. Tundu likiwa kubwa, kompyuta inalazimika kubuni umbo la katikati, na huenda isibuni ulichotaka.

Pamoja na hizo, jifunze mapema amri ya kukata, Trim. Fundi cherehani hukata kitambaa kikubwa kidogo kuliko kipimo, kisha hupunguza. Fanya vivyo hivyo: tengeneza uso uvuke mpaka, halafu ukate. Uso uliochorwa mpana kisha ukakatwa huwa laini kuliko uliolazimishwa kuishia kwenye kona.

Nyuso mbili zikikutana

Sehemu ngumu ya kazi hii ni maungio. Kuna ngazi tatu, na programu nyingi huziita G0, G1 na G2. Fikiria dereva wa bodaboda.

G0 ni kugusana tu. Barabara mbili zinakutana kwa kona kali. Hakuna mwanya, lakini dereva lazima asimame na kugeuza pikipiki. Kwenye boti hii ni kona unayoihisi kwa kidole.

G1 ni kugusana na kuelekea upande mmoja. Barabara iliyonyooka inaingia moja kwa moja kwenye mzunguko. Hakuna kona, lakini dereva analazimika kupinda usukani kwa ghafla. Kidole hakihisi kitu, ila mwanga unaonyesha mstari.

G2 ni pale hata kiasi cha mpindo kinapolingana kwenye ungio. Dereva anaanza kupinda kidogo kidogo, wala hajui barabara ilibadilika wapi. Jicho pia halioni ungio.

Si kila mahali panahitaji G2. Ubavu wa boti ukikutana na tezi lililokatwa wima, kona ya G0 ni sahihi. Lakini ubavu uliotengenezwa kwa vipande viwili unahitaji angalau G1, na ukipakwa rangi ya kung'aa unahitaji G2.

Kuchora boti hatua kwa hatua

Tuchukue boti ya urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.6.

Hatua ya kwanza: chora nusu tu. Pande mbili za boti zinafanana, kwa hiyo nusu ya pili itapatikana kwa amri ya kioo, Mirror. Nusu moja ina makosa machache kuliko boti nzima.

Hatua ya pili: chora mistari miwili mirefu, wa ukingo wa juu na wa mkuku. Itazame kutoka juu, kisha kutoka ubavuni. Mstari unaoonekana mzuri upande mmoja unaweza kuwa na nundu upande wa pili.

Hatua ya tatu: chora mikato mitano kutoka tezini hadi omoni. Yote ianze kwenye mkuku na kuishia kwenye ukingo wa juu, na yote iwe na idadi sawa ya nukta. Ncha za kila mkato ziguse kabisa mistari mirefu, zisikaribie tu. Mkato mmoja ukichorwa kinyume, kutoka juu kwenda chini, uso unaweza kujisokota kama nguo inayokamuliwa.

Hatua ya nne: toa amri ya Loft, na uchague mistari mirefu iwe mwongozo. Uso ukitoka na mawimbi, usiongeze mikato. Punguza, au rekebisha mkato unaopishana na wenzake.

Hatua ya tano: angalia omo. Uso ukilazimishwa kwisha kwenye nukta moja, hukusanya makunyanzi kama mdomo wa gunia lililofungwa kamba. Acha uso uvuke kidogo mstari wa katikati ya boti, kisha ukate.

Hatua ya sita: tumia kioo kupata nusu ya pili. Ikiwa boti ina chini kama herufi V, kona kwenye mkuku ni sawa. Ikiwa chini yake ni ya mviringo, kila mkato lazima uufikie mstari wa katikati ukiwa umelala. Vinginevyo utapata mgongo ambao hukuutaka.

Hatua ya saba: shona nyuso pamoja kwa amri ya Knit, Stitch au Sew kulingana na programu, kisha uzipe unene kwa amri ya Thicken au inayofanana nayo. Hapa wengi hupata ujumbe wa kosa. Sababu moja ya kawaida ni hii: ukiongeza unene wa milimita 5 kuelekea ndani ya kona yenye nusu kipenyo cha milimita 3, uso wa ndani hauna pa kupita, unajikata wenyewe. Panua kona au punguza unene.

Kagua kabla ya kulipia kalibu

Ukaguzi wa kwanza ni wa milia ya punda milia. Programu huchora milia myeusi na myeupe juu ya uso kana kwamba ni mwanga unaoakisiwa. Kwenye ungio la G0 milia hukatika na kuhama. Kwenye G1 inakutana lakini inavunjika kama kiwiko. Kwenye G2 inapita laini. Ili kulielewa jambo hili, washa tochi ya simu usiku, uimulike ndoo mpya, kisha kidumu kilichobonyea, huku ukiisogeza. Mwanga utateleza vizuri kwenye ndoo na kuruka kwenye kidumu.

Ukaguzi wa pili ni wa kitana. Programu huotesha meno juu ya mstari, marefu pale mpindo ulipo mkali na mafupi pale ulipo mpole. Meno yakipanda na kushuka taratibu, mstari ni mzuri. Yakirukaruka, punguza nukta.

Ukaguzi wa tatu ni wa kingo zilizo wazi. Mwanya mdogo usioonekana kwa macho unatosha kuizuia kompyuta isilione umbo kuwa limefungwa.

Ukaguzi wa nne ni wa kutoka kwenye kalibu. Ndoo hupanuka kuelekea juu, ndiyo maana zinaingiana na zinatoka kwenye kalibu bila shida. Ubavu wa boti ukijikunja kurudi ndani karibu na ukingo, boti itanasa kwenye kalibu ya kipande kimoja. Ama ubadilishe umbo, ama upange kalibu ya vipande viwili.

Mwisho, tengeneza kielelezo. Kwa kipimo cha 1 kwa 20, boti ya mita 6 inakuwa sentimita 30. Si lazima uwe na mashine ya kuchapa maumbo. Chapa mikato kwenye karatasi, ikate kwenye boksi gumu, isimamishe juu ya ubao kwa nafasi zake, kisha pitisha njiti za mwanzi ubavuni. Njiti ikigusa mikato yote bila kulazimishwa, mchoro wako umekaa. Ikiacha mwanya kwenye mkato mmoja, umejua pa kurudi.

Programu gani, na je, simu inatosha?

FreeCAD ni ya bure kabisa na hutumika kwenye Windows, Linux na Mac. Ukishaipakua na kuisakinisha, haihitaji intaneti, jambo zuri kwa wanaoishi mbali na mtandao wa uhakika. Toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Ina sehemu ya Part na sehemu ya Surface kwa kazi tuliyoieleza, na kiongezo kiitwacho Curves kina ukaguzi wa kitana na wa milia.

Rhino inajulikana sana kwa kazi za nyuso, lakini ni ya kulipia. Unaweza kuijaribu kwa siku 90. Blender ni ya bure na ni nzuri kwa picha na filamu, ila kazi zake nyingi hutumia vipande bapa vilivyoungwa. Kwa kalibu yenye vipimo kamili, programu ya NURBS inafaa zaidi.

Kwa wenye simu tu, Onshape hufanya kazi kupitia intaneti na ina programu ya Android na iPhone. Simu inatosha kufungua mchoro, kuugeuza na kufanya mazoezi madogo. Kuchora boti nzima kwa kidole kwenye kioo kidogo kunachosha na kunamaliza bando. Jambo la kukumbuka: michoro ya akaunti ya bure ya Onshape inaweza kuonwa na mtu yeyote. Usiweke humo kazi ya mteja uliyeahidi kumtunzia siri.

Unapopeleka kazi karakana, ulizia wanataka faili gani. Faili ya STEP hubeba nyuso zenyewe pamoja na vipimo vyake. Faili ya STL hubeba pembetatu ndogo nyingi, inafaa kwa mashine za kuchapa maumbo, lakini ni vigumu kuirekebisha baadaye.

Uanzie wapi?

Ushauri wetu ni kufuata mpangilio huu, hata kama kila hatua itachukua wiki moja au mbili. Anza na ndoo kwa kuzungusha mstari mmoja wenye nukta chache. Fuata jagi, ambalo mkono wake ni wa kupitisha na mdomo wake unahitaji kukata. Kisha chora kijiko, kwa sababu kina mikato inayobadilika na ungio gumu kati ya kikombe chake na mpini. Hapo ndipo uingie kwenye nusu ya boti.

Katika kila zoezi, pima kitu halisi kwa rula kabla ya kukichora, na usitengeneze uso wowote kabla ya kukagua mistari yake. Kama kuna muunda vyombo karibu nawe, mwonyeshe mchoro wako kwenye simu. Huenda hajawahi kugusa programu hizi, lakini ukiuzungusha mchoro polepole mbele yake, nundu ataiona.